Simu ya kifuani na namba isiyoonekana kwenye boksi

UZI. Hoja ya leo: je, muuza simu alazimishwe na sheria kumwambia mnunuzi simu yake yatoa mionzi kiasi gani? Kama kawaida ya hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Mwenye hamu ya majina akayataje kwake.

Hoja hii haifi. Kila pakitaka kusimamishwa mnara wa simu karibu na nyumba za watu, au kodi ya simu ikiguswa, kuna mheshimiwa atakayesimama aseme wananchi wanauliwa polepole na mionzi, na mwengine atakayemjibu kwamba hizo ni hadithi za Wazungu walioshiba. Wote wawili hupigiwa makofi. Ijumaa iliyopita barazani kwetu Kuze watu wazima walibishana mpaka kahawa ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyejua namba ya simu yake mwenyewe. Namba ninayosema hapa sio ya kupigiwa.

Kwangu mimi jambo hili liliingia kwa mlango wa nyumbani. Mamangu hupika mahamri ya kuuza. Simu yake yakaa kifuani, ndani ya sidiria, tangu alfajiri mpaka Isha, kwa sababu mikono ina unga, na oda zaja kwa simu, na pesa pia zaja kwa simu. Mama zetu wa Mji wa Kale wengi ndivyo wanavyobeba, mwajua. Mwaka jana dadake, mamangu mdogo, alifariki kwa saratani ya titi. Haijapita hata mwezi baada ya hitima, mtu akamrushia mama kwa WhatsApp ile sauti inayozungushwa kila mara, ati simu ya kifuani ndiyo inayoleta. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda kwenye hiyo mitandao. Hii simu niitoe hapa ama niiwate?"

Nikamwambia ntatafuta. Huu uzi ndio nilichokipata.

Tuanze na neno lenyewe, maana neno "mionzi" lishatisha watu kabla hawajasikia sentensi ya pili. Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Ni jamaa moja na mawimbi ya redio yako ya jikoni na ya televisheni. Sio mionzi ya eksirei, ambayo ina nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Athari yao inayojulikana kwa hakika ni joto: mwili ukiyafyonza mengi sana, nyama hupata moto.

Kwa hiyo wanaopima huuliza: kila kilo ya mwili yafyonza wati ngapi? Kipimo hicho huitwa SAR. Ulaya na nchi nyingi nyengine zinafuata kikomo cha wati 2 kwa kilo kwa kichwa na kiwiliwili, na wati 4 kwa mikono na miguu. Marekani kikomo ni wati 1.6, na India nayo ilihamia 1.6 mwaka 2012. Tena Marekani hupigia wastani kwenye kipande cha gramu 1 tu, Ulaya kwenye gramu 10, ndiyo maana simu ile ile yaweza kuwa na namba mbili tofauti na zote zikawa za kweli.

Hivyo vikomo havikuwekwa pale hatari inapoanzia. Kwa kichwa na kiwiliwili, wataalamu wa kimataifa walikadiria kwamba madhara ya joto yaanza karibu na wati 20, wakagawa kwa 10 ili raia wawe mbali na ukingo. Kwa hiyo simu yenye 1.9 sio simu iliyobakisha kidogo ikuunguze. Hili wanasiasa wa upande wa kwanza huwa hawalisemi.

Na la upande wa pili hawalisemi ni hili: namba hiyo hupimwaje? Maabara huchukua kichwa bandia kilichojazwa majimaji yanayofanana na ubongo, wakakiwekea simu sikioni. Umbo la kichwa hicho lilitokana na vipimo vya wanajeshi wa Marekani vya mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani jitu zima la mwanamume. (Wanaokitetea husema kichwa kikubwa hutoa namba ya juu zaidi, basi ni salama kwa wote. Ndio wasemavyo.) Kisha hupima simu ya mwilini, lakini kwa miaka mingi simu haikuguswa na mwili. Iliachwa mwanya, milimita 5, au 10, au 15, kutegemea kanuni na mtengenezaji. Mwanya huo umeandikwa kwenye maelezo ya simu, yale maandishi madogo ambayo mimi na wewe hatujawahi kuyasoma.

Sidiria ya mamangu haina mwanya wa milimita 15.

Hapo ndipo yalipoanzia mabishano ya kweli duniani, na sio kwenye saratani. San Francisco ilikuwa mji wa kwanza Marekani kupitisha, mwaka 2010, kwamba maduka yaonyeshe namba ya SAR ya kila simu. Chama cha kampuni za simu cha huko, CTIA, kikaenda mahakamani. Mji ukapunguza makali, ukasema basi tutoe karatasi ya maelezo tu. Mahakama ya rufaa ikaizuia hata karatasi hiyo mwaka 2012, na mwaka 2013 mji ukanyoosha mikono.

Jirani yao Berkeley wakajifunza. Mwaka 2015 hawakuomba namba kabisa. Waliomba muuzaji ampe mnunuzi ilani fupi: simu hii imepimwa kwa kanuni za serikali, lakini ukiibeba imewashwa ndani ya mfuko wa suruali, mfuko wa shati, au ndani ya sidiria, huenda ukapita kiwango hicho, basi soma maelezo ya mtengenezaji. Ndio, sidiria imetajwa kwenye sheria ya mji wa California. Nilipomsomea mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kampuni zikashtaki tena. Hoja yao haikuwa kwamba maneno ni uongo, maana yalitoka kwenye karatasi zao wenyewe. Walisema serikali haiwezi kumlazimisha mfanyabiashara kuzungumza maneno yasiyo yake, na kwamba mteja akiyasoma ataogopa bure. Sentensi moja iliyosema watoto wako hatarini zaidi, jaji aliizuia mapema. Ilani iliyobaki ikashinda kwenye rufaa 2017, ikashinda tena 2019. Halafu 2020 tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, ikaingia ikasema mambo ya mionzi ya simu ni yetu sisi, sio ya mji. Jaji akakubali. Ilani ikafa kwa sababu ya nani ana mamlaka, sio kwa sababu ya nani anasema kweli. Shikilieni hapo, tutarudi nako nyumbani.

Ufaransa wamekwenda njia nyengine. Huko sheria ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango, namba ikatakiwa iandikwe pale simu inapouzwa, na kuna idara ya masafa, ANFR, ambayo hununua simu madukani kama mteja yeyote na kuzipeleka maabara. Mnakumbuka kelele za Septemba 2023? ANFR walipima iPhone 12, simu iliyokuwa sokoni tangu 2020, wakapata wati 5.74 kwenye kipimo cha mkononi na mfukoni, wakati kikomo ni 4. Mauzo yakasimamishwa nchi nzima. Kampuni ilibisha, ikasema simu yake imepita vipimo vya mashirika mengi, lakini mwishowe ikatoa sasisho la programu kwa Ufaransa, ANFR wakalipima, simu ikarudi dukani.

N'naipenda hiyo hadithi kwa sababu moja. Kilichofanya kazi pale sio karatasi dukani. Ni kwamba kuna mtu aliyekwenda kuhakikisha namba ni ya kweli.

Sasa turudi Mombasa. Nilifanya jaribio langu dogo. Kwenye simu nyingi ukibonyeza *#07# hutokea namba za SAR. Simu yangu ilitoa namba mbili, ya kichwani na ya mwilini, zote chini ya kikomo. Simu ya mama, ambayo nilimnunulia mwenyewe kwenye duka moja la mjini kwa bei iliyonifurahisha mno, haikutoa kitu. Boksi halina namba. Karatasi ya ndani imeandikwa kwa lugha nisiyoisoma. Nikarudi dukani kuuliza. Kijana akaniangalia kama n'nauliza bei ya mvua. "Kaka, hiyo ni ya nini tena? Hii kamera ni megapikseli hamsini."

Nikabonyeza *#06#, nikapata namba ya IMEI, nikaituma 1555, ile huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ya kutambua simu halali. Jibu lililorudi lilitaja simu ya aina nyengine kabisa. Yaani simu aliyoilalia mamangu kifuani ni feki iliyoazima jina la mwenzake. Hata ningeipata namba yake ya SAR, ingekuwa namba ya simu nyengine.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mabishano yetu ya barazani yalikuwa yakiruka hatua. Tunabishana kama muuzaji alazimishwe kusema, na huku vijana wengi wanaouza hawajui, na baadhi ya bidhaa hazina cha kusemwa.

Kenya tuna historia na hili. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 mdhibiti alizima simu feki, karibu milioni 1.9. Watu walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki, na waliolia zaidi ni waliokuwa wamenunua kwa nia njema. Baadaye ukaja mpango wa mfumo wa kutambua vifaa kwenye mitandao ya simu, kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, watu wakihofia serikali itasikiliza simu zao. Oktoba 2024 likaja agizo jengine la IMEI na kodi, la kuanza Januari 2025, nalo likapelekwa mahakamani kwa hoja ya faragha. Mtaona mtindo: kila serikali inapotaka kujua kuhusu simu yako, ina nguvu nyingi na haraka nyingi. Wewe unapotaka kujua kuhusu simu yako, waambiwa megapikseli hamsini.

Sheria je, inaruhusu? Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, haki ya habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Tuna kanuni za 2010 za kuingiza, kuidhinisha na kusambaza vifaa vya mawasiliano, ambazo zinataka kifaa kiidhinishwe na CA kabla ya kuuzwa. Mwenye kuomba idhini huleta ripoti za maabara. Kwa hiyo karatasi za vipimo zipo, ziko Nairobi kwenye faili. Hakuna anayeombwa avumbue kitu kipya. Kinachoombwa ni karatasi itoke kwenye faili ifike kaunta.

Na hapa ndipo Berkeley yatugusa. Mwanasiasa wa kaunti akikuahidi kwamba atapitisha sheria ya mionzi Mombasa, muulize kwa Jedwali la Nne la Katiba. Ulinzi wa watumiaji bidhaa umewekwa upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti ina leseni za biashara na usimamizi wa biashara ya haki. Kwa hiyo kaunti yaweza kujaribu kupitia leseni ya duka, lakini ajue atakutana na hoja ile ile iliyoizika ilani ya Berkeley: mawasiliano sio yako. Anayekuahidi bila kulitaja hilo, ama hajasoma, ama anajua wewe hujasoma.

Sasa saratani, maana najua mmepita yote haya mkitafuta hapa. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, yaani "huenda yakasababisha", kwa ushahidi mdogo. Ile sauti ya WhatsApp huishia hapo. Haisemi kwamba 2B ni kundi la pale ambapo ushahidi haujatosha kuthibitisha wala kufuta. Mwaka 2018 Wamarekani wakatoa utafiti wa panya waliopigwa mawimbi saa 9 kwa siku kwa miaka 2: panya dume walionyesha uvimbe wa moyo, na hapo hapo waliopigwa mawimbi waliishi maisha marefu kuliko wasiopigwa. Kila upande huchukua nusu yake ya panya ukaondoka. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 63 za binadamu, haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka 10 na zaidi.

Hayo ni ya ubongo, ndiko walikotazama zaidi. Kwa titi, sikuona ushahidi wowote wa kunifanya nimwambie mama kwamba dadake aliuliwa na simu. Nikamwambia hivyo. Kisha nikampeleka akapimwe matiti, kwa sababu kuwa na dada aliyeugua ni jambo ambalo madaktari hulihesabu kweli kweli, na yeye alikuwa hajapimwa hata mara moja. Sauti ile ya WhatsApp ilimpa hofu ya kutosha kukosa usingizi, haikumpa hofu ya kwenda kliniki. Hilo n'naliona ni dhambi yake kubwa kuliko uongo wenyewe.

"Basi kama hakuna ushahidi, namba ya nini?" Hoja nzuri, na mzee mmoja barazani aliishikilia vizuri sana. Alisema ukimwandikia mtu namba ya kitu kisichomdhuru, umemdanganya bila kusema uongo. Nakubali nusu. Mnunuzi akiona simu mbili, moja 0.6 na nyengine 1.2, atadhani ya pili ni hatari mara mbili. Sivyo. Hiyo namba ni ya simu ikiwa kwenye nguvu zake za juu kabisa. Kwa kawaida simu hupunguza nguvu ikisikia mnara vizuri, na huongeza ikiwa haisikii. Ni kama mtu na jirani: akiwa mlangoni wanong'ona, akiwa ng'ambo ya mtaa wapiga ukelele.

Na sisi watu wa Kuze twakaa kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, kuta nene kama za ngome. Kwetu chumba cha ndani mtandao ni kijiti kimoja, na simu ile hupiga ukelele usiku kucha ikitafuta mnara. Ukitoka barazani, yanong'ona. Simu moja, mtu mmoja, hatua kumi. Kwa hiyo ule mnara ambao jirani zako wanauandamania, wakati mwingi ndio unaoifanya simu iliyo mwilini mwako inyamaze. Simuoni mwanasiasa atakayepanda jukwaani kusema hilo, halina makofi.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Nataka sheria iwepo, lakini sio ile ya bango dukani. Nataka CA iweke orodha ya wazi, kwa Kiswahili, mtu atume IMEI 1555 na pamoja na jibu la halali au feki apate namba ya SAR na ule umbali wa mwanya uliotumika kupima. Nataka aliyeingiza mzigo ndiye abebe jukumu la kuandika kwenye boksi, sio kijana wa kaunta anayelipwa kwa siku. Na nataka mara kwa mara simu zinunuliwe kwenye maduka ya kawaida, za bei ya chini hasa, zikapimwe, majibu yatangazwe hata yakiwa mazuri. Bila hilo la mwisho, mwenye simu feki atachapisha namba nzuri kuliko wote.

Wenye maduka wamenijibu kwamba gharama itamwangukia mnunuzi. Kidogo, ndio. Namba iliyokwisha kupimwa haipimwi tena kwa kuandikwa. Gharama ya kweli ni ya ukaguzi, na hapo ndipo nitakapomuuliza kila mgombea anayelitaja jambo hili: pesa za kupima zatoka bajeti gani, na nani atakayezinunua hizo simu? Asipokuwa na jibu, basi alikuwa anatafuta makofi tu.

Mama nimemnunulia simu nyengine, kabambe yenye risiti, nikaituma 1555 nikiwa bado dukani, muuzaji akanuna. Majibu ya kliniki yalitoka salama, alhamdulillahi, na amepewa tarehe ya kurudi. Simu sasa yakaa kwenye kikapu cha mahamri. Ila jana nimempigia mara tatu hakupokea, nikashuka mbio mpaka chini. Nikamkuta na wateja, kikapu kiko ng'ambo, simu yaita peke yake. Ananambia: "Si wewe uliyesema niiweke mbali?"